Kiatu Kwenye Msumari

1

Koleo la kubania nyaya lilikuwa halipo, na msumari wake ulikuwa mtupu.

Huo msumari mtupu ndio uliomkera Subilaga Mwakalobo kuliko koleo lenyewe. Katika karakana ya Sekondari ya Ufundi Lukwego, huku kwenye milima ya Rungwe, kulikuwa na desturi ya tangu enzi za kibanda cha mabati: anayechukua kifaa ukutani anavua kiatu kimoja na kukitundika kwenye msumari wa kifaa hicho. Hakuna kuandikishana wala kuulizana. Ukiona ndala ya buluu inaning'inia mahali pa msumeno, unatazama nani anachechemea, unamfuata. Siku za kazi nyingi karakana nzima ilitembea kama kuku mwenye mwiba mguuni, na wageni walicheka sana. Lakini mtu anaweza kusahau kila kitu duniani, asisahau kwamba mguu wake mmoja uko mtupu kwenye sakafu ya saruji, kwa baridi ile.

Kwa hiyo msumari usio na kifaa wala kiatu ulikuwa na maana moja tu. Kifaa kimechukuliwa na mtu asiyetaka kujulikana.

"Tena?" Tupokigwe alisema nyuma yake. Walikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza, na sasa wote wawili wako cha tatu, wote wawili wanagombea ufadhili uleule, jambo ambalo hawakulizungumza. "Juzi msumeno wa chuma. Leo koleo. Huyu mwizi anajenga nyumba au?"

"Anajenga kitu," Subilaga alisema.

Kengele ndogo ikalia darini, na sauti ya kike ikashuka, laini, yenye adabu. Jina rasmi la mashine hiyo lilikuwa Msimamizi. Wanafunzi walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na macho kila mahali na sifa zake hazikutoka bure.

"Habari za asubuhi, wabunifu. Leo mnaunganisha nyaya za mota. Vaeni ngozi zenu. Tumieni kilichopo."

Subilaga alivaa ngozi. Ilikuwa glavu nyembamba ya rangi ya kijivu, yenye joto lake yenyewe, na ilipokaa mkononi ilibana kidogo, kama mkono wa mtu mwingine aliyekushika na hana haraka ya kukuachia. Ngozi hizo zililetwa na Ufadhili wa Mkono Mwepesi, pamoja na paa jipya, mashine za kukereza, taa, na Shangazi mwenyewe. Mwisho wa mwaka, watakaochaguliwa wangesomeshwa usanifu na uhandisi mpaka wachoke wenyewe. Subilaga aliutaka ufadhili ule kuliko kitu chochote. Mama yake alichuma majani ya chai, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika.

*Tumieni kilichopo.* Neno hilo lilimkaa vibaya. Shangazi alikuwa hajaambiwa na mtu kwamba koleo halipo.

Hata hivyo alifanya kazi. Alimenya nyaya kwa meno, akang'oa bawaba ya kabati bovu, akaitumia kubania viungo mpaka vikashikana. Ngozi ikatetemeka kwa furaha mkononi.

"Vizuri sana, Subilaga. Vizuri mno."

Hapo akakumbuka jambo jingine. Wiki ambayo vifaa vyote vilikuwepo ukutani, alifunga mota nzima bila kosa hata moja, kazi safi ya kupiga picha. Siku ile Shangazi hakusema kitu.

Kabla ya mapumziko, Mkuu wa Shule, Madam Kissa, aliingia na mwavuli unaotiririka maji. Mzee Asajile, mtunza stoo, alisimama penye dirisha lake akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mlango huu unafunguka kwa dole gumba la mtu mmoja," Madam Kissa alisema, na hakuwa akifurahia alichokisema. "Wafadhili wamenihakikishia hivyo. Mzee Asajile, mimi nakuheshimu. Lakini kama hadi kesho hakuna maelezo, utakabidhi funguo."

"Nimekusikia, mama," Mzee Asajile alijibu.

Wanafunzi wakatazamana. Wengine walishaanza kumwita mzee wa watu Kicheche, kama yule mnyama mwizi wa kuku, nyuma ya mgongo wake. Subilaga mwenyewe, tusimpambe, alikuwa amemtazama mzee yule kwa jicho la pembeni wiki nzima. Penye mlango mmoja na kidole kimoja, ungemtazama nani?

2

Jioni ile Injinia Malogo, mlezi wa wagombea, alikaa juu ya meza ya kazi miguu ikining'inia, akawaeleza kuhusu jaribio la mwisho. Alikuwa kijana bado, mzaliwa wa Dodoma mjini, mcheshi, koti lake jeupe limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Wanafunzi walimpenda kwa sababu aliwasikiliza hadi mwisho wa sentensi.

"Kesho ni feni," alisema. "Feni iliyolemaa. Anayeweza kuiamsha, ameamsha maisha yake."

Wakacheka wote. Subilaga alicheka pia, kisha kicheko kikamkauka.

Siku ya kukata vyuma, uliondoka msumeno. Siku ya kuunganisha nyaya, koleo. Alirudi nyuma kichwani, kifaa baada ya kifaa, na kila mara kilichoondoka kilikuwa ndicho kitakachohitajika kesho yake. Mwizi wa kawaida huiba kinachouzika. Huyu alikuwa anaiba kwa ratiba. Na Mzee Asajile ratiba hakuijua. Yeye aliambiwa kazi ya siku pamoja na wanafunzi, asubuhi, na Shangazi.

Feni iliyolemaa ina ugonjwa mmoja mkubwa: bushi, kile kipete kidogo ambamo mhimili unazungukia, kikilika, feni inakwama. Bushi zote za karakana zilikaa katika kisanduku kimoja cha bati.

"Twende tukakate mgomba," alimwambia Tupokigwe.

"Mvua hii? Kwani tuna msiba tukatandike majani?"

Nyuma ya jiko la shule migomba ilisimama imelowa. Subilaga alikata shina changa kwa panga la mpishi, akakinga utomvu katika kikombe. Ulitoka mweupe wa maji, hauna rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Kila mtoto wa Rungwe amewahi kuchapwa kwa sababu ya maji yale. Yanaingia kwenye nguo leo huyaoni. Kesho yamekuwa kahawia, keshokutwa yamekuwa meusi, na nguo hiyo tena ni ya shamba mpaka itakapochanika. Hakuna sabuni, hakuna jua, hakuna dawa.

Tupokigwe alipoelewa, alirudi nyuma hatua moja. "Unataka kumnasa nani, Subi?"

"Sijui."

"Unajua. Uso wako unajua." Akapunguza sauti, ingawa mvua ilikuwa inapiga mabati vya kutosha. "Sikiliza. Kama ni Mzee, kesho anaondoka, yamekwisha. Kama si Mzee, basi ni mtu ambaye sisi hatumwezi. Kwa nini uchokonoe? Mimi baba yangu ameshawaambia ndugu wote kwamba naenda kusoma."

Subilaga alikichukua kikombe, akarudi karakana. Alipaka utomvu chini na pembeni mwa kisanduku cha bushi, mahali ambapo mtu angekibana kwapani, akakirudisha kabatini mwake huku Mzee Asajile akihesabu bisibisi mgongo ukiwa umegeuka. Alijisikia vibaya kumfanyia mzee siri. Alijisikia vibaya zaidi kwa kuomba, kimoyomoyo, kwamba awe ni yeye.

3

Asubuhi alifika mapema, akamsalimia mzee kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

Alimtazama viganja, mikono ya shati, mifuko. Mzee alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani, kwa ajili ya kukabidhi. Lilikuwa safi kuliko ukuta.

Injinia Malogo alikuwa nje kwenye bomba, akisugua ubavu wa koti lake kwa kitambaa. Alama ilianzia chini ya kwapa ikashuka mpaka kwenye mbavu, kahawia, na mwisho wake ulikatika kwa kona iliyonyooka, kona ya kisanduku. Subilaga alikuwa anampenda mlezi huyu.

"Chai," Malogo alisema akitabasamu. "Nimejimwagia kama mtoto."

"Si chai, Injinia. Ni utomvu wa mgomba. Hautoki."

Aliendelea kusugua kidogo. Kisha akaangalia kona ile iliyonyooka, akamwangalia msichana, na kitambaa kikaacha kusugua. Alifunga bomba taratibu.

"Umepaka wewe."

"Ndiyo."

"Una akili sana," alisema, na cha ajabu aliyasema kwa fahari ya mwalimu. "Vifaa haviuzwi, usinielewe vibaya. Vyote viko kwenye buti la gari langu, vimefungwa vizuri. Mlango unanitambua na mimi. Unamtambua yeyote ambaye Mfuko wa Mkono Mwepesi umetaka."

"Kwa nini?"

Malogo alinyanyua uso kuelekea mawinguni, mahali ambapo mwezi ungekuwa kama ungeonekana. "Huko juu kuna mashine zinazochimba madini. Zina mikono stadi kuliko yetu. Zimefundishwa kila kitu, isipokuwa kukosa kifaa. Waliozifundisha walikuwa watu wenye kila kifaa mezani, basi ikikatika nati moja, mashine ya thamani ya mji mzima inasimama inangoja nati. Na mwezini hakuna duka la spea." Akamgusa glavu iliyochungulia mfukoni mwake. "Kamera inaona mkono unavyokwenda. Haioni unavyosita. Ule wakati unaposhika bawaba badala ya koleo, kabla hujajua kama itakubali, msuli unasema kitu. Ngozi inakisikia. Hicho ndicho kinachotafutwa, Subilaga. Hakipatikani kwa watoto wa waliojaaliwa."

"Mngetuambia."

"Ukijua koleo liko garini, mkono haukosi kweli. Unaigiza. Ngozi inatambua mara moja." Alipangusa maji mikononi. "Mimi nilivaa ngozi nikiwa na umri wako. Nilidhani shule yetu ina wezi. Leo ni injinia, nimejenga madaraja. Nimedhulumiwa nini?"

"Na mtunza stoo wa shule yenu?"

Malogo alikunja kitambaa, akakikunja tena.

"Sijui alikwenda wapi," alisema hatimaye. Kisha, haraka, kama mtu anayepita mahali penye mbwa: "Nafasi ni yako tayari. Jaribio la leo ni la kukamilisha tu. Ukisema, Mfuko utafunga karakana yote. Tupokigwe atakosa, na wengine wote. Mzee tutamtafutia kifuta jasho. Fikiria watu wangapi upande huu, na wangapi upande ule."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini kama hicho kikulacho ndicho pia kinachokulisha. Subilaga aliingia ndani bila kuaga.

4

Feni ya jaribio haikuwa ya mezani. Ililetwa ndani ya friji la chanjo la zahanati ya Lukwego, likisukumwa kwenye toroli, na Nesi Bupe akitembea kando yake mkono juu ya kifuniko kana kwamba ni jeneza la mtu wake.

"Feni imekufa, mashine inapata moto inajizima," alisema. "Humu mna chanjo za watoto wa vijiji vyote vya huku. Barafu niliyoweka inayeyuka. Tafadhalini, wanangu."

Subilaga alimtazama Malogo. Malogo alitazama dari. Ndipo alipoelewa kwamba kitu cha kweli kimechaguliwa makusudi, ili mkono usiweze kukataa.

"Subilaga, anza," Shangazi alisema. "Tumia kilichopo."

Alivaa ngozi, akafungua nyuma ya friji. Bushi ilikuwa imelika, mhimili unacheza kama jino la mtoto. Kazi nyepesi kama kifaa kipo.

"Naomba bushi, Mzee."

Mzee Asajile alifungua kabati. Alisimama mbele ya nafasi tupu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kisanduku hakipo," alisema.

Madam Kissa alivuta pumzi kwa pua. Funguo za stoo zilikuwa zimeshawekwa mezani, juu ya leso safi, zikingoja.

Aseme? Malogo angekana, Madam angeita kikao, barafu ingeyeyuka. Anyamaze atengeneze? Basi ngozi itasikia kila kusita kwake, itapeleka habari zake kote zinakotakiwa, na mwakani shule nyingine itakuwa na mzee mwingine mwenye shati la kanisani. Alimwona Nesi Bupe akigusa kifuniko kwa nyuma ya mkono, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Alimwona Tupokigwe akimsihi kwa macho. Aliogopa, na aliona uchungu wa kupoteza kitu alichokuwa amekipenda mwaka mzima.

Akashika ncha za glavu, akaivuta. Ilitoka kwa shida, mkono ukabaki mweupe, umekunjamana, una baridi.

"Subilaga, ngozi imevuka. Tafadhali vaa ngozi."

Alivua ndala yake ya kulia. Alikwenda ukutani akachukua msumeno mdogo wa mbao, akatundika ndala. Kisha akachukua nyundo yake mwenyewe, ile aliyoitia mpini wa mti wa kahawa, mti mgumu kama mfupa, akaukata mwisho wake. Aliutoboa katikati, akakichonga kipande hicho hadi kikawa kipete, akakichemsha ndani ya mafuta kwenye jiko la kuyeyushia risasi ya kulehemu mpaka mapovu yakaisha na mbao ikashiba. Mara mbili alikosea kipimo akakwangua tena. Wakati wote huo Shangazi alirudia, kwa adabu ileile, kwamba mshiriki asiye na ngozi huondolewa kwenye ufadhili, na mara ya mwisho alisema ameondolewa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega, akaendelea kuchonga.

Bushi ya mti iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Feni ikazunguka mara moja kizembe, kisha ikapata mwendo wake, na friji likaanza kunguruma.

"Ndaga fijo," Nesi Bupe alishukuru kwa lugha ya nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa toroli. "Ndaga fijo, mwanangu."

"Subilaga," Madam Kissa alisema, "kwa nini umevua? Unajua umefanya nini?"

Subilaga alirudisha msumeno kwenye msumari wake, akavaa ndala.

"Madam, hapa kwetu anayechukua kifaa anaacha kiatu. Koleo limeondoka, msumeno wa chuma umeondoka, bushi zimeondoka, na misumari mitupu." Akageuka. "Injinia, kiatu chako kiko wapi?"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Macho yote yakashuka kwenye viatu vya Injinia Malogo, vyeusi, vya kamba, vinavyong'aa. Kisha yakapanda. Alama ya ubavuni ilikuwa imekolea tangu asubuhi.

"Huo si utomvu wa mgomba?" Nesi Bupe aliuliza kutoka kwenye toroli. "Umebeba nini chenye kona hivyo, baba?"

Tupokigwe, aliyeuona utomvu ukikingwa, alifumba macho.

Malogo angeweza kusema mengi. Kila mtu alimwona akiyapanga maneno mdomoni. Lakini pengine alikuwa anamkumbuka mtunza stoo wa shule yake ya zamani, mbele ya kabati jingine. Aliinama, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akakivua. Alikwenda ukutani akakitundika kwenye msumari wa koleo. Halafu akatoka mvuani kuelekea kwenye gari lake, soksi moja ikinyonya tope.

Mzee Asajile hakucheka. Alizichukua funguo zake mezani, akaikunja leso vizuri, akavitia vyote mfukoni.

"Nisamehe, Mzee," Madam Kissa alisema. Mzee akainamisha kichwa tu.

"Wabunifu," Shangazi alisema darini, kana kwamba hakuna lililotokea. "Mshiriki anayefuata ni Tupokigwe. Ngozi yako iko tayari. Tumia kilichopo."

Mzee Asajile alinyanyua uso, akaitafuta sauti ile kati ya mbao za paa, paa zuri, jipya, lisilovuja.

"Na huyu je?" aliuliza. "Mwaka mzima anachukua kutoka mikononi mwa watoto hawa. Yeye anaacha nini msumarini?"

Tupokigwe alikuwa anautazama mkono wake uliovaa ngozi ya kijivu. Alishika ncha ya kidole kimoja cha glavu, akaivuta, ikakataa, akaivuta tena.